Sauti Zilizochelewa Kurudi Nyumbani

Ukitoka Kisii mjini ukashika barabara ya Keroka, ukaendelea mpaka Sotik, hutakawia kufika Kapkatet, mji mdogo wa Wakipsigis ulio njiani kuelekea Litein na Kericho. Matatu huifanya safari hiyo kila siku, zikiwa zimebeba wauza ndizi, walimu na wachuma majani chai. Mwaka 1950 palitokea jambo Kapkatet ambalo majirani wa Gusii hawakupata habari zake, nalo limekuja kuwa mojawapo ya visa vya kupendeza mno katika historia ya muziki uliorekodiwa Kenya.

Mwaka huo alifika Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana. Alikuwa akizunguka Afrika Mashariki na gari lililosheheni vyombo vya kunasia sauti. Jenereta aliiweka mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye nyimbo, akavuta waya mrefu hadi walipokaa waimbaji. Maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kisha kwa waitikiaji. Nyimbo zilifupishwa zikawa za dakika tatu hivi, kwa kuwa huo ndio muda uliotosha upande mmoja wa santuri za wakati ule.

Kapkatet alipata nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Ya tatu ndiyo iliyokuja kupendwa zaidi. Iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, huku kinubi cha Wakipsigis kikirudia mdundo mfupi chini ya sauti zao. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walikuwa wakimwimbia kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama, mcheza ngoma hodari, wakimhimiza aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini.

Kiumbe huyo alikuwa mtu kweli. Alikuwa Mmarekani, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, na wakati wasichana wale wakimwimbia alikuwa amekufa miaka 17 iliyopita. Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers, nalo Chemirocha ndivyo Wakipsigis walivyolitamka.

Mwimbaji wa reli

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 karibu na Meridian, Mississippi. Alifanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo mpaka kifua kikuu kilipomwondolea nguvu. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Miaka sita baadaye alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100, na Wamarekani wengi humwita baba wa muziki wa kantri. Jumba la heshima la muziki wa roki lilipowapokea wanamuziki wake wa kwanza mwaka 1986, Rodgers alikuwemo kama mmoja wa waliowafungulia njia. Mwaka 1997 Bob Dylan alikusanya wanamuziki wenzake wakarekodi albamu nzima ya kumkumbuka.

Katika nyimbo hizo zaidi ya 100 kuna ambazo hata wapenzi wake hawakuzijua vizuri kwa muda mrefu. Julai 1930, Los Angeles, alirekodi "Blue Yodel No. 9". Ukiisikiliza unasikia tarumbeta inayojibu kila anachoimba, na piano inayotembea chini yake. Mpiga tarumbeta alikuwa Louis Armstrong na mpiga piano alikuwa mkewe, Lil Hardin Armstrong. Mwimbaji mweupe wa Kusini na wanamuziki weusi wawili walikaa chumba kimoja wakapiga muziki mmoja, wakati ambapo sheria za huko kwao zisingewaruhusu kukaa behewa moja. Jina la Armstrong halikuchapishwa kwenye lebo. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1970, Armstrong alipoupiga wimbo huo kwenye televisheni pamoja na Johnny Cash, ndipo mamilioni ya watu wakaelewa ile tarumbeta ilikuwa ya nani.

Rekodi zake za mwisho nazo zina habari yake. Mei 1933 Rodgers alikwenda New York akiwa mgonjwa hoi. Kampuni ilimwekea kitanda karibu na chumba cha kurekodia. Akimaliza wimbo, alijilaza mpaka pumzi imrudie, kisha akainuka kuimba mwingine. Alifunga kazi tarehe 24 Mei. Tarehe 26 alifariki, akiwa na umri wa miaka 35.

Santuri zake hazikubaki Marekani. Zilitolewa Uingereza, Australia na India, na kwa njia za biashara na za dola ya Kiingereza zikafika Afrika Mashariki. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, gramafoni zilikuja na wamisionari na walowezi, na nyingine zikauzwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Hazikuhitaji umeme. Mtu aliuzungusha mkono wa pembeni, akaishusha sindano ya chuma juu ya sahani nyeusi, na sauti ikatoka pasipo mwimbaji. Wakipsigis waliosikia Rodgers akiigeuza sauti yake kutoka nzito kwenda nyembamba kwa mpigo mmoja, huku gitaa likimfuata, walikuwa wakisikia kitu kigeni chenye umbo wanalolijua: mtu mmoja, sauti yake, na nyuzi zake. Kwao muziki wa namna hiyo ulikuwepo tangu enzi. Wakamtwaa, wakampa jina la kwao, wakamtungia nyimbo, wakamwingiza katika ngoma ya wasichana.

Nataka msomaji aone jinsi mambo yalivyopishana hapo. Sauti ya Rodgers ilifika Kapkatet bila Rodgers, na walioipokea hawakujua habari za maisha yake. Kisha sauti za wasichana wa Kapkatet zikaondoka bila wasichana, zikafika kwa wasikilizaji ambao hawakujua habari za maisha yao. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na kampuni, mauzo na jina kwenye lebo. Upande wa pili ulikuwa na kadi katika maktaba ya rekodi za Tracey.

Nchi ya vinubi

Magharibi mwa Kenya, kutoka Mlima Elgon hadi mpaka wa Tanzania, ni nchi ya vinubi. Wabukusu wana litungu, Wajaluo nyatiti, Wakuria iritungu, Wakipsigis chepkong'o. Abagusii wana obokano, na hiyo ndiyo kubwa na nzito kuliko zote.

Obokano huanza na gogo linalochongwa ndani likawa bakuli pana. Juu yake huwambwa ngozi ya ng'ombe, ikavutwa mpaka ikakaza. Mikono miwili ya mti huchomoza kutoka kwenye bakuli, ikaunganishwa juu na mti wa kukingama, na kutoka hapo hushuka nyuzi nane mpaka kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, ala ikiwa imemwegemea, akazichuna nyuzi kwa mikono yote miwili. Sauti inayotoka ni ya chini sana na ina mkwaruzo ndani yake, na wataalamu wa muziki wameiita besi kubwa ya Afrika Mashariki. Anayeisikia kwa mara ya kwanza akiwa karibu huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Graham Hyslop, ambaye alikuwa ofisa wa muziki wa serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu ala za Kenya na kitabu chake kikatoka mwaka 1975. George Senoga-Zake naye akaandika *Folk Music of Kenya*, kilichotoka mwaka 1986. Wote wawili walikuwa katika jopo la watu watano waliotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963, pamoja na Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Inafaa tulikumbuke hilo. Baadhi ya watu walioipa Kenya wimbo wake ndio hao hao waliokaa chini na wapiga vinubi wakahesabu nyuzi na kuuliza majina ya vipande vya miti.

Mpiga obokano alikuwa mtu wa shughuli. Aliitwa arusini, aliitwa penye sherehe za jando, aliitwa penye pombe. Alisifu wenyeji, alikumbusha koo, alisema wazi mambo ambayo wengine waliyanong'ona. Gusii ilikuwa na mengi ya kukumbusha. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, G. A. S. Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti, na nabii Moraa Ng'iti anakumbukwa kuwa ndiye aliyewachochea vijana kupigana. Adhabu iliyofuata ilichoma nyumba na kuzoa mifugo. Watu waliopitia hayo hawakuwa na magazeti. Walikuwa na nyimbo.

Kisha kanisa likaja na mizani yake. Wakatoliki walijenga Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakakita Nyanchwa katika miaka hiyo hiyo ya kabla ya Vita vya Kwanza. Walileta shule, hospitali na uimbaji wa sauti nne ambao mpaka leo ni fahari ya Kisii na Nyamira. Ukisimama nje ya kanisa la Waadventista siku ya Sabato utaelewa ninachosema. Lakini kwa kuwa obokano ilikuwa ikipigwa mahali palipo na pombe, waumini wengi waliiacha pamoja na pombe yenyewe. Fundi akizeeka, mtoto wake aliyebatizwa hakurithi kigoda. Hakuna amri moja iliyoiua. Ilipungukiwa na warithi, nyumba moja baada ya nyingine.

Gitaa na majani chai

Vita vya Pili vya Dunia vilirudisha vijana wa Kenya kutoka Burma na India wakiwa wameona mengi. Jeshini kulikuwa na vikundi vya kuwaburudisha askari, na Fundi Konde wa pwani ni mmoja wa waliopitia huko kabla ya kuwa mwanamuziki mashuhuri. Baada ya vita gitaa likaenea. Kutoka Katanga walikuja Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, ambao walikaa Nairobi kwa vipindi na kuwafundisha vijana, kwa kusikilizwa tu, jinsi gitaa moja linavyoweza kufanya kazi ya magitaa mawili. Mwenda mwenyewe alikuwa amerekodiwa na Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, na wimbo wake "Masanga" ukamfikisha Marekani, kwenye tamasha la Newport la mwaka 1969.

Ndipo Wajaluo wakafanya jambo kubwa. Vijana kama John Ogara na D. O. Misiani walichukua mwendo wa nyatiti wakauhamishia kwenye magitaa ya umeme, na miaka ya 1960 benga ikasimama. Benga ilivuka mipaka ya lugha upesi. Iliingia Ukambani, Gikuyu, Kipsigis, na ikaingia Gusii, ambako ilikuta watu waliokwisha kuzoea kusikia hadithi ikisimuliwa juu ya nyuzi zinazojirudia.

Jina ambalo watu wa Kisii na Nyamira hulitaja kwanza ni Christopher Monyoncho. Kundi lake lilibeba jina la Kebirigo, kituo cha biashara kilicho Nyamira katikati ya mashamba ya chai: Kebirigo Boys. Aliimba kwa Ekegusii kuhusu watu aliowajua na mambo yaliyowakuta, na magitaa yake yalitembea polepole kuliko ya Wajaluo, yakimwachia nafasi ya kusema. Sauti yake bado husikika kwenye redio za Ekegusii, na wapo walio nje ya nchi ambao wakisikia mianzo ya nyimbo zake hujua papo hapo wametoka wapi.

Lakini muziki hauwezi kufika redioni bila kurekodiwa, na hapa Kericho inaingia tena katika habari yetu. Kampuni za chai zilianza kupanda Kericho katika miaka ya 1920, na kwa miongo mingi Abagusii walikwenda huko kwa maelfu kuchuma. Mchumaji alilipwa mwisho wa mwezi, na mjini Kericho kulikuwa na duka la muziki la A. P. Chandarana. Halikuwa duka la kuuza tu. Chandarana alirekodi wanamuziki wa maeneo yanayomzunguka, akatoa santuri kwa lebo zake, akauza kwa watu waliotaka kusikia lugha yao. Wakipsigis walirekodi hapo, Wajaluo, Waluhya na Abagusii pia. Mwanamuziki wa Nyamira hakulazimika kwenda River Road Nairobi na kulala kwa jamaa akisubiri nafasi ya studio. Alipanda gari asubuhi, na jioni angeweza kurudi.

Santuri hizo zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo wa benga haukutosha upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno: salamu, majina, kisa. Muziki ulififia katikati, msikilizaji akainuka, akaigeuza santuri, na upande wa pili ukaanza palepale, magitaa yakikimbizana na ngoma ikipanda. Wenye baa waliujua upande wa pili kwa sababu ndio uliowainua watu vitini. Watangazaji wa redio mara nyingi walipiga wa kwanza. Ndiyo maana nyimbo nyingi za pande hizi zinajulikana nusu tu: maneno yake yamekaa kichwani, na ule muziki ambao mpiga gitaa alijitoa kwa moyo wake wote umesahaulika.

Miaka ya 1980 kaseti ikaja. Mtu aliyekuwa na mashine mbili aliweza kunakili muziki wa mwingine usiku kucha na kuuza asubuhi. Santuri ziliporomoka, lebo zikafunga, na kanda za awali zikabaki katika stoo za watu na mashirika. Nyingine zilifutwa ili zitumike tena. Santuri zilizokuwa majumbani zilipata kuvu, zikajikunja kwa jua, zikawa vitu vya watoto kuchezea. Sehemu kubwa ya kazi ya wanamuziki wa Gusii wa miaka ya 1960, 1970 na 1980 ilichapishwa kwa idadi ndogo na haikuchapishwa tena.

Kinubi chavuka bahari

Wakati hayo yakitokea, kinubi cha jirani kilianza safari ya kuelekea upande ambao sauti ya Rodgers ilitokea.

Job Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956, mtoto wa wazazi Wajaluo. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band mjini Nairobi, kundi lililochanganya ala za asili na za umeme. Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, watu wakimpita, wengine wakidondosha sarafu. Huko ndiko walikomsikia watu waliohusika na tamasha la WOMAD na studio za Real World.

Real World ni matunda ya mwanamuziki wa roki aliyejitenga na kundi lake. Peter Gabriel aliiacha Genesis mwaka 1975, kundi likiwa linapanda, akaanza kurekodi peke yake. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Real World Records. Kupitia kampuni hiyo, mwaka 1993, Job Seda, sasa akijiita Ayub Ogada, alitoa albamu yake *En Mana Kuoyo*. Ni kazi tulivu, nyatiti na sauti mbele, vitu vichache sana nyuma. Ndani yake kuna "Kothbiro", wimbo ambao kundi la Black Savage la Nairobi lilikuwa limeurekodi miaka ya 1970. Mwaka 2005 ulisikika katika filamu *The Constant Gardener* iliyopigwa Kenya. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage akakitumia katika wimbo wake "Yikes", na safari hii majina ya watunzi, James Mbarack Achieng na Ayub Ogada, yaliandikwa. Ogada alifariki tarehe 1 Februari 2019.

Ulinganishe mwisho huo na wa Louis Armstrong mwaka 1930. Rekodi ya Nairobi isiyojulikana sana ilifika masikioni mwa mamilioni, na mwenye haki alitajwa, kwa sababu palikuwa na ushahidi: santuri ipo, tarehe ipo, majina yapo. Kusingekuwa na hivyo, sauti ingechukuliwa kama maji ya mto. Obokano nayo inaweza kufuata njia hiyo: ina nyuzi nane kama nyatiti na sauti nzito zaidi. Grandmaster Masese, mshairi wa jukwaani kutoka Gusii, amekuwa akiipiga mbele ya vijana wa Nairobi pamoja na mashairi yake, naye ameonyesha kwamba ala hii haihitaji kuonewa huruma. Inahitaji kurekodiwa vizuri na kusikilizwa.

Kurudi Kapkatet

Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Mfululizo wake wa *Sound of Africa* ulifikia santuri ndefu 210, kila wimbo ukiwa na kadi yenye mahali, lugha, ala na majina ya wahusika. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Chemirocha ya wasichana wa Kapkatet ilizunguka dunia kupitia mikusanyo hiyo. Wanamuziki wa nchi za mbali waliisikia wakashangaa jinsi sauti chache na kinubi kimoja vinavyoweza kushika moyo. Kapkatet kwenyewe haikuwa ikisikika.

Katika miaka ya 2014 na 2015 Diane Thram, aliyekuwa mkurugenzi wa ILAM, alishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music, shirika la Nairobi ambalo tangu mwaka 2007 limekuwa likifuatilia historia ya muziki wa Kenya na ambalo lilitoa kazi kubwa kuhusu benga. Walichukua nakala za rekodi za Tracey wakazipeleka zilikotoka. Walipita vijijini wakiuliza majina yaliyo kwenye kadi. Walikuta familia, na walikuta wazee waliokuwa bado hai, ambao walikuwa vijana siku ile gari la Mwingereza lilipofika. Waliisikia sauti yao baada ya zaidi ya miaka 60.

Hilo liliwezekana kwa sababu moja iliyo rahisi kupuuzwa: mwaka 1950 mtu aliandika majina. Mengi yanaweza kusemwa juu ya Tracey, mzungu aliyezunguka makoloni akichukua nyimbo chini ya ulinzi wa serikali za wakati ule na kwa fedha za kampuni ya santuri. Yote yasemwe. Lakini kama angeandika tu "wasichana wa Kipsigis", Thram na Osusa wasingekuwa na mlango wa kubisha.

Kazi iliyo mbele ya kaunti mbili

Naandika haya nikiwafikiria watu wa Kisii na Nyamira kwa sababu wao wana nafasi ambayo Kapkatet haikuwa nayo. Rekodi nyingi za wanamuziki wao hazikupelekwa ng'ambo. Zipo majumbani, madukani, kwenye studio za redio na mikononi mwa wakusanyaji. Wapo bado wazee waliopiga gitaa la pili, walioitikia, walioendesha gari la bendi, waliosimama kaunta siku santuri mpya ilipoletwa kutoka Kericho. Wanajua nani aliimba upande wa kwanza na nani alipiga upande wa pili.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni na makumbusho katika majukumu ya kaunti. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni inazitaka serikali za kaunti ziandikishe na kuhifadhi urithi wa jamii zilizo ndani yake. Kisii ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013. Egesa FM na redio nyingine za Ekegusii zinafika kila kijiji, na tangazo moja la asubuhi linaweza kutoa santuri mvunguni mwa vitanda kutoka Tabaka hadi Borabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Umma wa watu karibu milioni mbili unaweza kuitunza sauti yake.

Mahali pa kuanzia si jumba la makumbusho lenye vioo. Ni orodha. Kila santuri ya Ekegusii inayopatikana iandikwe lebo yake, namba yake, jina la kundi, mwimbaji, wapiga ala na mji ilikorekodiwa, pande zote mbili. Kila mpiga obokano aliye hai arekodiwe akiwa nyumbani kwake, na aeleze kwa maneno yake alifundishwa na nani na gogo la ala yake lilitoka mti gani. Familia ziulizwe kabla ya chochote kutolewa, na zikikubali, mapato yakija yawafikie. Nakala moja ikae kaunti, moja chuoni, moja kwa familia. Watoto wa shule wanaojiandaa kwa tamasha la muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na ambalo shule za Gusii hulienzi sana, wapewe rekodi hizo wajifunze kwa mafundi wenyewe, badala ya kuigana shule kwa shule mpaka wimbo unapoteza mwenyewe.

Tumezoea kufikiri kwamba rekodi isiyojulikana ni rekodi dhaifu, kwamba ingekuwa nzuri ingejulikana. Tarumbeta ya Armstrong ilikaa miaka 40 bila jina wala haikuwa dhaifu. Wasichana wa Kapkatet walikaa zaidi ya miaka 60. Kujulikana hutegemea ni nani alikuwa na kampuni, nani aliandika kadi, nani alirudi kuuliza. Hayo ni mambo ya uamuzi, na uamuzi huo sasa uko mikononi mwa watu wa Gusii wenyewe. Kazi inahitaji mashine nzuri ya kupigia santuri, kompyuta, daftari na mtu mvumilivu wa kuuliza maswali wakati wenye majibu wangali hai. Vyote hivyo vinapatikana leo Kisii na Nyamira.